Onyesho la kwanza: kwa wewe utakayekuwa nyuma ya pazia

Ukipangiwa kazi nyuma ya jukwaa katika mchezo wenye nyimbo na dansi, kila mtu atakuwa na la kukuambia kuhusu usiku wa kwanza. Langu ni moja: usilete jipya. Wazo lolote zuri linalokujia saa mbili kabla ya pazia kufunguliwa, liandike mahali, ulipeleke kesho. Nimemshuhudia fundi hodari kuliko mimi akisogeza meza ya vifaa hatua mbili tu ili njia ipanuke. Na ilipanuka kweli. Lakini mwigizaji anayetoka kwenye taa kali kuingia gizani haoni kitu. Mkono wake huenda kwa mazoea. Yule wa kwetu alipapasa hewa, muziki ukamwita, akarudi jukwaani kuimba juu ya barua asiyokuwa nayo.

Ndiyo maana meza ile hufunikwa karatasi, kila kifaa kikachorewa mpaka wake na kuandikwa jina. Pengo likionekana, unajua papo hapo nini hakipo. Ikague kabla watazamaji hawajaruhusiwa kuingia, uikague tena wakati wa mapumziko. Asiyehusika asiguse, hata kama anataka tu kupiga picha na upanga.

Sasa tuje kwenye kubadilisha mavazi, maana hapa ndipo watu hupoteza akili. Una sekunde kama thelathini, taa ndogo ya buluu, na mtu anayehema na kutoka jasho. Wasaidizi wawili wanatosha, mmoja wa juu ya kiuno, mwingine wa chini. Wakiwa watatu wanagongana vichwa. Panga nguo kwa mfuatano wa kuvaliwa, ya kwanza ikiwa juu. Suruali ikunjwe ilaze viatu ndani yake, mwigizaji akanyage na wewe uivute juu kwa mkupuo mmoja. Kamba za viatu ziwe za mpira, na vifungo vya shati viwe vya urembo tu; kinachofunga kweli kiwe velkro au vibonyezo vilivyofichwa. Usiku wa kwanza mwigizaji atataka kukusaidia, na mikono yake inatetemeka. Mwambie taratibu, "Mikono chini, tazama mbele." Kazi yake ni kusimama wima na kupumua.

Kisha kuna waya wa maiki. Unatoka kwenye kifuko kiunoni, unapanda mgongoni, unapita chini ya wigi. Anayevua shati kwa pupa huondoka na sauti ya mtu. Betri hubadilishwa kabla ya kila onyesho, hata kama za jana bado zina nguvu. Mwenye kubana matumizi abane kwingine. Ngozi ipanguswe jasho kabla ya kubandika plasta. Na chunga ulimi ukiwa karibu na mwigizaji mwenye maiki. Fundi sauti akichelewa kidogo kuifunga, ukumbi mzima utasikia maoni yako kuhusu mwongozaji.

Kitu ambacho mazoezi hayakufundishi ni watazamaji. Kwenye mazoezi hakuna anayecheka wala kupiga makofi, kwa hiyo mwili wako umezoea mwendo wa ukumbi mtupu. Usiku wa kwanza kicheko kinarefusha mazungumzo, makofi yanachelewesha tukio linalofuata, halafu kiongozi wa bendi, naye ana moyo unaodunda, anaanza wimbo wa tatu kwa kasi ambayo hamkuwahi kuisikia. Ukisukuma mandhari kwa kumbukumbu yako, utawagonga wachezaji. Subiri amri ya msimamizi wa jukwaa. Penye taa za ishara, kwa kawaida nyekundu ni jiandae, kijani ni fanya. Neno lake la amri lisitamkwe ovyo kwenye hedseti, hata kwa utani, kwani kuna mtu ameshika kamba akilisubiri. Mabadiliko yakichelewa, bendi huwa na kipande kifupi cha kurudia mpaka jukwaa liwe tayari. Kipo kwa ajili hiyo, kitumieni. Mimi husimama mahali pangu wimbo mmoja kabla ya zamu yangu, hata nikiitwa mwoga.

Kama kikundi chenu kina watu waliofundishwa kwingine, elewaneni mapema kuhusu matangazo ya muda. Kwa desturi ya Uingereza, tangazo la nusu saa hutolewa dakika 35 kabla ya onyesho, kwa sababu hesabu inaishia pale waigizaji wa mwanzo wanapoitwa jukwaani, dakika 5 kabla ya kuanza. Marekani nusu saa ni dakika 30.

Jambo la mwisho kabla ya pazia ni maua. Usiku wa kwanza huleta maua, zawadi na wageni, vyote vikajazana kwenye vijia. Viondoe bila kuona haya. Tarehe 30 Desemba 1903, katika Iroquois Theatre mjini Chicago, moto uliwashwa na taa ya jukwaani wakati wa mchezo wa nyimbo. Pazia la kuzuia moto lilikwama likishushwa, milango kadhaa haikufunguka, na watu zaidi ya 600 walikufa. Kwa hiyo chini ya pazia la moto pasiwekwe chochote, wala mlangoni, hata shada la mwenye ukumbi.

Mkishainama kwa watazamaji, wenzako watakimbilia kukumbatiana. Kumbatiana nao, ila kusanya maiki zote kwanza na utoe betri, maana waigizaji huondoka nazo hadi kwenye sherehe. Nguo zilizolowa zitundikwe mbalimbali, zisilundikwe. Kilichovunjika au kuchanika mwambie msimamizi usiku huohuo akiingize kwenye ripoti, ili mshonaji akute kazi yake mezani asubuhi.