Stelingi hafi kizembe: maswali yenu kuhusu gemu za mapanga na mbwembwe

Toleo lililopita niligusia kidogo tu hizi gemu za mezani za kuigiza, zile ambazo watu wanakaa na dadu na karatasi wanatunga hadithi pamoja, kila mtu na mhusika wake. Sikutegemea barua zingekuwa nyingi hivi. Nimechukua tano, nyingine nimezipunguza maana watu mmeandika kweli kweli.

Kaka habari za kazi. Mimi niko Leicester, nafanya kazi ghala moja hapa, kuna wenzangu wawili kila Alhamisi wananiita nikacheze nao gemu inaitwa 7th Sea. Nimeenda mara moja. Wamekaa masaa manne wanaongea tu, huyu anasema naruka dirishani, yule anasema nakata kamba ya taa, hakuna ubao hakuna kete, mwisho nikauliza sasa nani kashinda, wakacheka. Nieleweshe, watu wazima na familia zao wanapata nini pale? (Mdau, Leicester)

Mdau, Alhamisi ijayo rudi. Nakwambia hivyo kabla sijaeleza chochote.

Wewe kama umekulia huku lazima umewahi kukaa banda umiza, benchi la mbao, jasho, tivii moja watu sitini. Stelingi kazungukwa na maadui ishirini, upanga umemtoka mkononi, nyuma yake ukuta. Banda zima linajua hafi, hakuna hata mmoja ana wasiwasi kwamba atakufa, lakini hakuna anayetoka nje hata kwenda haja, kwa sababu tunataka kuona ATATOKAJE. Sasa chukua ile hamu uiweke mezani, halafu stelingi awe wewe, na mwenzako pembeni yako naye ni stelingi, na anayeongoza gemu kazi yake ni kuwabana mpaka mtoke jasho. Ndiyo hiyo wanayofanya wenzako. Ukiuliza nani kashinda ni sawa na kutoka pale bandani ukauliza matokeo ngapi ngapi.

Tena hiyo 7th Sea wamekuchagulia vizuri. Ilitoka Marekani mwaka 1999, waliokuwa mbele kuitunga ni John Wick na Jennifer Wick, halafu 2016 wakaleta toleo la pili na waliichangisha mtandaoni kabla haijachapwa, watu zaidi ya elfu 11 wakatoa zaidi ya dola milioni 1.3. Kwa gemu ya karatasi na dadu hiyo ni hela ndefu sana. Dunia yake inaitwa Théah, ni Ulaya ya karne ya 17 iliyobadilishwa majina, Montaigne ukiitazama ni Ufaransa, Castille ni Hispania, Avalon ni Uingereza, Vodacce ni Italia ya wafanyabiashara na sumu. Maharamia, wapelelezi, barua za siri, mabinti wanaokataa kuolewa, watu wanaopigana mapanga juu ya paa kwa sababu ya neno moja lililosemwa kwenye karamu.

Na kufa ni kazi kweli kweli mle. Kwenye toleo la pili majeraha peke yake hayakuui, yanakulaza chini hoi, halafu lazima adui mwenyewe mkubwa aamue kabisa kwamba sasa namuua huyu, na hata hapo wenzako wana nafasi ya kujitupa mbele. Askari wa kawaida hawezi kukumaliza. Kuna watu wanaona hiyo inaondoa utamu, mimi naona ndiyo inayouleta, kwa sababu mtu asiyeogopa kufa kizembe anathubutu, na mle ndani hadithi yote inatembea kwa kuthubutu.

Sasa. Sisi ni kikundi cha watu watano hapa Nairobi, tumecheza Dungeons and Dragons, yaani D&D karibu mwaka mzima. Naipenda lakini kusema ukweli vita moja inaweza chukua masaa mawili, kila mtu anahesabu miraba. Juzi nilitaka ning'inie kwa taa niruke juu ya meza nimpige teke kapteni, nikaambiwa kwanza niangushe dadu ya kuruka, nikakosa, nikaanguka, zamu yangu ikaisha. Karibu nilie. Kuna njia ingine? (Mchezaji, Nairobi)

Pole sana, na wala huyo aliyeongoza hakukosea, kacheza gemu ilivyoandikwa. D&D ilitoka 1974 na ilizaliwa na watu waliokuwa wanacheza vita vya vinyago mezani, majeshi madogo madogo ya kupimana umbali, kwa hiyo mifupa yake ni ya vita. Raundi ni sekunde 6, mraba ni futi 5, uhai unapungua namba kwa namba. Kwenye hesabu hiyo taa ya dari ni hatari tu, ukiigusa unaweza kupoteza, ukibaki chini ukamchoma kawaida hupotezi kitu. Mchezaji mwenye akili anajifunza haraka, anaacha taa. Baada ya miezi sita meza nzima inapigana kama watu wanaojaza fomu.

Ngoja nikuoneshe 7th Sea inavyofanya kwenye kitu hichohicho. Tuseme jumba la gavana linaungua, wewe uko juu roshani, barua unayoitafuta iko mezani kule chini. Anayeongoza anakwambia wazi kabla hujagusa dadu: moto utakuunguza, barua nayo inashika moto sasa hivi, na ukiwa mwepesi utaona sura ya aliyewasha. Wewe unasema unafanyaje. Unaangusha dadu za pembe kumi, idadi yake ni tabia yako jumlisha ujuzi wako, tuseme wepesi 3 na mazoezi ya viungo 2, tano hizo. Kama ujuzi huo hujautumia kwenye tukio hili unaongezwa moja. Na ukieleza kwa mbwembwe, ukasema nachana pazia kwa upanga nashuka nalo huku linawaka, unaongezwa nyingine. Soma hapo tena. Kitabu chenyewe, kwenye kanuni, kinakulipa dadu kwa sababu umesimulia vizuri.

Haya, dadu saba: 9, 1, 6, 4, 8, 2, 3. Unazipanga zifike kumi kumi, 9 na 1, 6 na 4, 8 na 2. Kumi tatu, yaani tiketi tatu. Ile 3 imebaki haina mwenzake, anayeongoza anaweza kuinunua, wewe unapata pointi ya ushujaa na yeye anapata pointi ya kukutesa baadaye. Sasa hesabu mambo: kufika chini tiketi moja, kutoungua moja, kuokoa barua moja, kuona sura moja. Manne hayo, na mkononi una tatu. Hakuna anayekuuliza kama umeweza kuruka, umeruka, wewe ni stelingi. Unaulizwa unaacha nini. Mimi mara ya kwanza nilipokutana na swali hilo nilikaa kimya labda dakika nzima, meza yote inaniangalia, nikaacha mkono wangu uungue nikachukua barua na sura, na yule mhusika mpaka tunamaliza hadithi miezi minne baadaye alikuwa na glavu mkono wa kushoto. Hakuna namba yoyote kwenye karatasi yangu iliyosema glavu. Ilitoka pale.

Na kingine nachokipenda mno, ile pointi ya ushujaa ukijipa mwenyewe ni dadu moja, ukimpa mwenzako ni dadu tatu. Angalia watu wanavyobadilika kwa hilo tu, baada ya saa moja kila mtu anatafuta namna ya kumwokoa mwingine.

Sisemi kwamba haina kasoro. Anayeongoza anachoka, kila tukio lazima abuni mabaya na fursa papo kwa papo, asipokuwa nayo ya kutosha wachezaji wanabaki na tiketi mkononi hawana pa kuzitumia na vita inapoa. Na watu waliozoea msisimko wa dadu moja inayoamua kila kitu wanaikuta laini. Kama ndani ya wale watano wako kuna mmoja anayependa kweli kuhesabu, msimlazimishe, mpe D&D wiki moja na hii wiki nyingine.

Shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 23, natamani kucheza ila naona aibu kuongea sauti ya mtu mwingine mbele za watu. Naweza? (Tanga)

Marahaba mwanangu. Unaweza, tena wala usibadilishe sauti. Sema "anamwangalia yule kapteni, anavua pete anaiweka mezani, haongei." Bibi zetu walipotusimulia ngano, paukwa, pakawa, hakuna aliyewadai waige sauti ya fisi, ilitosha kusema fisi alichofanya. Meza itakayokucheka kwa hilo ondoka, tafuta nyingine.

Kaka mimi mwanachuo Dodoma, hivyo vitabu vinauzwa kwa dola na dadu za pembe kumi sijawahi kuziona dukani. Hii ni burudani ya wenye nazo au vipi?

Anza na Lady Blackbird. Ameiandika John Harper, 2009, ni PDF ya kurasa chache na inagawiwa bure, ukiprinti stationari hapo chuo hutamaliza hela ya chakula. Dadu zake ni zile za kawaida za pembe sita, kwa hiyo zitoe kwenye ludo.

Wahusika wameshaandikwa tayari, watano, na hadithi inaanza mambo yameshaharibika: bibie mmoja wa ukoo mkubwa katoroka ndoa aliyopangiwa, anakwenda kwa mfalme wa maharamia anayempenda, wamekamatwa njiani na meli ya himaya, mko mahabusu ndani ya meli hiyo, haya fanyeni. Hakuna kuanzia kilabuni mnatafuta kazi. Ukiangusha dadu, kila inayosoma 4 kwenda juu ni pointi, zikifika kiwango umefaulu. Usipofaulu, dadu za akiba ulizotumia zinarudi na unaongezewa moja juu, halafu mambo yanakuwa mabaya zaidi. Ukifaulu ndipo unazipoteza. Kwa hiyo mtu aliyekwama mara tatu ndiye mwenye rundo kubwa mkononi, na nyie mliokaa bandani mnajua stelingi anapigwa kwanza.

Kila mhusika pia ana "funguo", yaani kitu kinachomsukuma moyoni, ukikifuata unalipwa, kikikuingiza hatarini unalipwa mara mbili. Na ukikigeuka, ukasema mimi leo naacha hiki nilichokuwa, unapewa nafasi mbili za kumkuza mhusika wako kwa mkupuo mmoja na huo ufunguo unaufuta. Nimeona mtu mzima ameshika penseli ameshindwa kuukata ule mstari.

Assalaam aleikum. Sisi vijana wa Mombasa tunacheza, lakini mbona kila mara ni Ufaransa na manyoya ya kofia? Kwetu hakukuwa na mapanga? (Mji wa Kale)

Waaleikum salaam. Swali lenu ndilo nimelibeba wiki nzima. Hao wa 7th Sea wenyewe waliliona, wana bara linaitwa Ifri, ndiyo Afrika yao, na wakalitolea kitabu, ila nyie mna kitu chenu mlangoni.

Machi 1589. Mombasa kisiwani yupo Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki, kaja na jahazi chache za vita na miji mingi ya pwani imempokea kwa kuwa imechoka na Wareno. Baharini zinaingia meli za Wareno kutoka Goa, ngome yao kule India, kiongozi wake Tomé de Sousa Coutinho. Na ng'ambo, bara, kivukoni Makupa, wamepiga kambi Wazimba, jeshi la wapiganaji kutoka bara, wanasubiri kuvuka. Jahazi mbili za Waturuki zilikuwa zinawazuia pale kivukoni, Wareno wakazipiga, Wazimba wakaingia kisiwani, na watu wakakimbilia baharini kwa haohao Wareno. Ali Bey akakamatwa akapelekwa mpaka Lisbon. Fort Jesus ilikuwa haijajengwa bado, ilianza 1593.

Chukueni kanuni za Lady Blackbird mtie watu wenu. Nahodha wa mtepe mwenye deni. Mjukuu wa mfalme wa Mombasa, nyumba yake ndiyo iliyomkaribisha Mturuki. Mkalimani anayejua Kireno na hajamwambia mtu alikijifunza wapi. Baharia wa Kituruki ambaye ana mke hapo mjini. Msianze na amani. Anzeni usiku ule ule, maji yanakupwa, jahazi mbili zinawaka kule Makupa, mtepe mmoja tu umebaki ufukweni na unabeba watu kumi na mbili, na waliosimama pale mchangani ni ishirini na tisa. Anayeongoza ataje hiyo namba, anyamaze, amwangalie nahodha.