Maswali ya Wasomaji: Kocha wa Chuo Kidogo Apimwe kwa Kipi?

SWALI: Maalim, assalamu alaikum. Dada yangu anaishi Columbus, Ohio, na mwanawe wa kiume yuko mwaka wa mwisho wa skuli ya sekondari. Anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Makocha wakuu wawili wa vyuo vidogo wamefika nyumbani kwao kumtaka ajiunge nao. Mmoja anatoka chuo kinachoshinda karibu kila mechi. Wa pili alishinda mechi tatu tu kati ya kumi msimu uliopita, lakini dada yangu ameyapenda maneno yake. Mimi ndiye mjomba, na rai yangu inasubiriwa. Hapa barazani tumetazama rekodi za makocha mashuhuri wa vyuo hivyo, Larry Kehres, John Gagliardi na Lance Leipold, tukaishia kubishana: bora ni mwenye ushindi mwingi zaidi au mwenye asilimia kubwa zaidi? — Msomaji, Chake Chake

JIBU: Wa alaikumu salaam. Umefanya vyema kutoharakisha, kwa sababu kijana huyo, akishajiunga, atakaa na kocha wake saa nyingi kuliko atakazokaa na mwalimu yeyote wa darasani, na tena kwa miaka minne.

Kwanza tujue ni vyuo vya namna gani tunavyovizungumza. Chama cha NCAA, kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo nchini Marekani, kimevigawa vyuo wanachama wake katika madaraja matatu tangu 1973, na vyuo vya Daraja la Tatu, ndivyo hivyo vidogo tunavyovizungumza, haviruhusiwi kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu ya mchezo. Mwanafunzi anaweza kusaidiwa kwa alama zake za masomo au kwa uwezo mdogo wa wazazi wake, lakini si kwa sababu ana mbio au ana mabega mapana. Kwa hiyo kocha aliyebisha hodi kwa dada yako hakuja na fedha, amekuja na maneno yake na sifa ya chuo chake. Na ikitokea kocha wa daraja hilo akaahidi chochote cha pembeni, mwambie dada yako afunge mlango. Mwaka 2019 chuo kimoja cha Texas kilinyang'anywa ubingwa wake wa 2016 kwa sababu kocha alimwazima mchezaji gari lake. Vijana waliotoka jasho kwa ubingwa ule ndio waliofutiwa, na hilo ni jambo la kusikitisha kuliko gari lenyewe.

Sasa turudi kwenye ubishi wenu. Gagliardi alishinda mechi 489, akapoteza 138 na kutoka sare 11. Hakuna kocha wa mpira wa vyuo, mkubwa wala mdogo, aliyefikisha idadi hiyo ya ushindi. Kehres, aliyekiongoza chuo cha Mount Union katika mji wa Alliance, Ohio, kuanzia 1986 hadi 2012, alishinda 332, akapoteza 24, sare 3. Ukipiga hesabu unapata takriban asilimia 93, na ndani yake mna ubingwa wa taifa mara 11. Leipold, akiwa Wisconsin-Whitewater kati ya 2007 na 2014, alishinda mechi 109 na kupoteza 6 tu, akatwaa ubingwa mara sita katika misimu minane. Mkipanga kwa idadi, wa kwanza ni Gagliardi. Mkipanga kwa asilimia, wa kwanza ni Leipold na Gagliardi anakuwa wa mwisho. Mizani mbili zikitoa majibu yanayopingana namna hiyo kwa watu walewale, ujue hazipimi kitu kimoja, na mimi nasema hakuna hata moja kati ya hizo inayompima kocha peke yake.

Mtazame Leipold, kwa sababu kwake jambo hili linaonekana wazi kuliko kwa mwengine yeyote. Alipopewa timu ya Whitewater haikuwa timu dhaifu aliyoiokota njiani. Misimu miwili iliyotangulia, 2005 na 2006, chini ya kocha aliyemtangulia, ilikuwa imefika fainali ya taifa na kufungwa na Mount Union mara zote mbili. Tena Whitewater ni chuo cha serikali, chenye wanafunzi wengi, ilhali vyuo vingi vya daraja lile ni vyuo binafsi vyenye wanafunzi wachache. Kisha akahamia Buffalo, chuo cha daraja la juu, na msimu wa 2016 akashinda mechi mbili na kupoteza kumi. Mtu aliyepoteza mechi sita katika miaka minane alipoteza kumi katika miezi mitatu! Je, alikuwa amesahau kazi? Miaka miwili baadaye timu hiyohiyo ilishinda mechi kumi. Akaenda Kansas, ambayo mwaka 2020 ilicheza mechi tisa na kupoteza zote tisa. Mwaka wake wa kwanza akashinda mbili, na kufikia 2023 akashinda tisa na kupoteza nne. Kwangu mimi, safari ile ya kutoka sifuri hadi tisa inanionyesha ukocha wake kuliko zile 109 za Whitewater, kwa sababu pale naona alichokikuta na alichokifanya, na tofauti ya viwili hivyo haina mwengine wa kuidai.

Hiyo tofauti ndiyo ninayokuomba uishike. Rekodi ya kocha ina sehemu yake na sehemu ya nyumba aliyokabidhiwa: ukubwa wa chuo, kiwango cha ada, masharti ya kuingia, umbali kutoka miji yenye skuli nyingi, uvumilivu wa wakuu wake. Katika Minnesota kuna chuo kiitwacho Macalester, chenye sifa kubwa ya masomo, ambacho kilipoteza mechi 50 mfululizo kati ya 1974 na 1980, hadi mkosi ule ulipovunjwa kwa mkwaju wa dakika ya mwisho. Kocha anayeivusha timu ya namna hiyo ameshinda mechi moja, na jedwali litamweka chini kabisa ya orodha. Chuo cha Gagliardi, Saint John's, kiko katika jimbo hilohilo, na katika miaka ile vyuo hivyo viwili vilikuwa katika ligi moja. Yeye alishinda ubingwa wa taifa mwaka 1976, katikati kabisa ya mkosi wa jirani zake. Kuwaweka makocha wa vyuo hivyo viwili katika mstari mmoja kwa kutazama ushindi tu ni kuwadhulumu.

Hata hivyo, simpunguzii Gagliardi chochote kwa kusema hivyo. Alianza ukocha akiwa na umri wa miaka 16 katika mji wa Trinidad, Colorado, pale kocha wa skuli yao alipochukuliwa jeshini mwaka 1943. Alikaa Saint John's misimu 60. Mazoezini alipiga marufuku wachezaji kuangushana, jambo ambalo katika mchezo ule ni kama kocha wa hapa kwetu kukataza watu wasigusane miguu, hakupuliza filimbi, wala hakutaka aitwe kocha, alitaka vijana wamwite John. Wengi waliamini timu isiyoangushana mazoezini haitaweza kuangusha mtu siku ya mechi. Mwaka 2003, akiwa na umri wa miaka 77, timu yake ilikutana fainali na Mount Union ya Kehres, iliyokuwa imeshinda mechi 55 mfululizo, ikaifunga 24 kwa 6. Ubingwa wake wa kwanza aliutwaa 1963. Ni miaka 40 kati ya huo na ule. Vijana walibadilika, mchezo ukabadilika, nchi nzima ikabadilika, naye akaendelea kuwafundisha hao waliopo. Huo ndio ubora ambao asilimia haiuoni.

Kuhusu Kehres, watu humtilia shaka kwa sababu baada ya yeye kuondoka mwanawe Vince alishika timu na kutwaa ubingwa wa 2015 na 2017. Husema: mnaona, nyumba ndiyo inayoshinda. Mimi sikubaliani nao. Kabla ya ubingwa wake wa kwanza wa 1993 nyumba hiyo haikuwa na ubingwa wa taifa hata mmoja. Aliijenga mwenyewe katika chuo chenye wanafunzi wapatao 2,000 tu, na nyumba inayosimama baada ya fundi kuondoka ni ushahidi wa fundi. Tena watazame waliopita mikononi mwake. Nick Sirianni, aliyeiongoza timu ya kulipwa ya Philadelphia Eagles kutwaa Super Bowl, yaani ubingwa wa ligi ya kulipwa ya mchezo ule, Februari 2025, alikuwa mchezaji wake pale Mount Union. Kijana anayejifunza mchezo hadi akaweza kuwafundisha wengine, huyo alifundishwa kweli.

Sasa mpwa wako. Yule kocha wa mechi tatu usimkatae kwa hizo tatu. Dada yako amuulize alikikuta chuo katika hali gani na amekaa miaka mingapi, kwa sababu kundi moja la wanafunzi huingia na kutoka kwa miaka minne, na kocha ambaye hajamaliza kundi lake la kwanza bado anachezesha vijana walioteuliwa na mwengine. Amuulize zile saba alizopoteza alipoteza vipi: kufungwa kwa tofauti ya pointi mbili tatu na timu zilizo sawa naye si sawa na kusagwa kila wiki. Na yule mshindi naye aulizwe, tena kwa ukali zaidi, maana mshindi hazoei kuulizwa: wale vijana walioingia kwako miaka minne iliyopita, ni wangapi bado wapo kikosini, na ni wangapi wanamaliza masomo mwaka huu? Timu za daraja hilo mara nyingi huwa na wachezaji zaidi ya mia, na si ajabu nusu yao wasiwahi kuguswa na mechi. Kocha anayejua majina ya hao walio benchi, na anaweza kusema huyu anasoma nini na goti lake linaendeleaje, huyo mpe uzito. Akianza kubabaika na kurudi kwenye vikombe vyake, dada yako amejibiwa.

Swali moja jengine, na hili msilisahau: mazoezi yake yana siku ngapi za kuangushana kwa wiki? Mchezo ule huumiza vichwa, kofia iwe ngumu namna gani. Gagliardi alithibitisha kwa miongo mingi kwamba inawezekana kushinda bila kuwaumiza wako mwenyewe.

SWALI: Mimi ni mjumbe wa kamati ya michezo ya chuo hapa Unguja. Timu yetu ya mpira wa miguu imefungwa mechi tatu mfululizo na wenzangu wanataka tumwondoe mwalimu kabla ya likizo. Kuna kipimo gani cha haki? — Mjumbe, Tunguu

JIBU: Ndugu yangu, niliwahi kukaa kwenye kiti kama chako. Timu ya chuo kimoja cha huku kwetu, ambacho sitakitaja, ilipoteza mechi tatu, nasi tukamwita mwalimu. Mbili kati ya hizo zilichezwa Pemba. Vijana walipanda boti asubuhi, bahari ilikuwa chafu, wakashuka Mkoani wametapika, na alasiri wakaingia uwanjani. Katika kikao hakuna aliyeuliza juu ya hilo, nami pia sikuuliza. Tulitazama matokeo matatu kwenye karatasi.

Mwalimu yule alikuja na daftari la mraba, jalada lake limefungwa kwa uzi. Aliliweka mezani na halikufunguliwa. Nililifungua mimi baada ya yeye kutoka. Kila ukurasa ulikuwa na jina la mchezaji, na chini yake maandishi madogo ya kalamu ya risasi: huyu ana mtihani Jumatano, asije mazoezini, huyu hana njumu, anavaa za kaka yake, zinambana, huyu ahamishwe beki wa kushoto, mguu wa kulia unamchelewesha. Ukurasa wa yule tuliyemlalamikia sana, mshambuliaji aliyekosa mabao, uliandikwa: babake mgonjwa, asipigiwe kelele. Tulikuwa tumeshapiga kura.

Kwa hiyo jibu langu si la mtu aliyetulia. Mechi tatu hazitoshi kumpima mtu yeyote. Hapa kwetu muda ni mfupi hata kuliko wa Marekani, kwani mwanafunzi wa diploma hukaa miaka miwili na wa shahada mitatu, na mwalimu akianza kumtengeneza kijana mwaka wa kwanza, mwaka wa pili ndio anavuna, kisha anampoteza. Mpeni angalau muda wa kundi moja kuingia na kutoka. Pimeni timu yake na vyuo vyenye idadi ya wanafunzi kama yenu, msiipime na timu za ligi kuu zinazofanya mazoezi kila siku. Waulizeni wachezaji, lakini mmoja mmoja, na waanze wa benchi, kwa sababu anayecheza kila wiki humsifu mwalimu kirahisi. Mwalimu anayewatukana vijana, anayewachezesha wakiwa wameumia au anayewatoa darasani kwa ajili ya mazoezi, huyo muondoeni hata kama anashinda, wala msisubiri likizo.

Na kabla ya kikao chenu, mwambieni aje na daftari lake. Lifungueni akiwa bado amekaa hapo, mbele yenu.