Kwenye picha nimo, kwenye hesabu simo

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: kampuni ikitangaza kwamba imejitolea kuwainua weusi kiuchumi na kubadili sura ya mahali pa kazi, je, iaminiwe? Mifano yenu yote ilitoka Afrika Kusini, nami niko hukuhuku, Kempton Park, kwenye stoo ya kampuni ya usafirishaji ambayo siitaji kwa kuwa bado nakula mshahara wake. Kwetu ni Morogoro. Kabla ya kufika kwenye kuaminiwa, nataka kwanza tuulizane anayeinuliwa ni nani, maana weusi wangu mimi hauna shaka, ila serikali ya huku haiutambui.

Kwa wasiojua, sheria ya huku ya mwaka 2003 ya kuwainua weusi kiuchumi, ambayo kila mtu anaiita BEE, huzipa kampuni alama: umiliki, uongozi, mafunzo, manunuzi kwa wafanyabiashara weusi, misaada kwa jamii. Alama zikifika 100 unaingia ngazi ya kwanza, na hapo mteja akinunua kwako kitu cha randi 100, kwenye hesabu zake mwenyewe za alama za manunuzi anaandika 135. Ukiwa ngazi ya nane anaandika 10. Huna cheti kabisa, anaandika sifuri. Mteja mkubwa anayewinda tenda za serikali atakupita kama hakujui. Ndiyo maana kila mwaka msimu wa ukaguzi ukifika, ofisi zote hutubu kama Kwaresma.

Ni msimu mmoja wa namna hiyo ambapo afisa utumishi wetu, mama wa Kizungu, mpole sana, alishuka stoo na mpiga picha. Walikuwa wanaandaa kitabu cha mwaka cha kampuni, na ndani yake ukurasa mzima wa ahadi ya mageuzi. Akanichagua mimi. Nikavishwa reflekta mpya, bado ina mikunjo ya kwenye nailoni, na helmeti nyeupe. Kwetu helmeti nyeupe ni ya wasimamizi, sisi wengine tunavaa za bluu. Nikasimamishwa mbele ya foklifti, ambayo sijawahi kuiendesha wala leseni yake sina, nikapewa ubao wa karatasi nishike, nikaambiwa nitazame mbali, juu ya rafu. Nikatazama. Juu ya rafu kulikuwa na katoni za rangi ya ukuta. Mpiga picha akasema nitabasamu, mama akasema lakini si sana. Tukarudia. Helmeti ilikuwa kubwa, ikawa inanishukia machoni, wakanitilia karatasi ndani. Tukarudia tena. Nje malori mawili yanasubiri kupakiwa, dereva mmoja anapiga honi, na kijana wa zamu anachungulia mlangoni kuuliza "malume" ataachiwa lini. Vijana wa stoo wote huniita hivyo, yaani mjomba.

Siku hiyohiyo, au labda kesho yake, fomu zikapita. Tamko la mfanyakazi: jinsia, ulemavu, uraia, rangi. Nikaweka alama kwenye Mwafrika, kalamu haikusita. Mama yuleyule akairudisha. Akaweka rula, akapitisha mstari juu ya jibu langu, akaniomba nisaini pembeni kuthibitisha marekebisho. Nikahamishiwa safu ya raia wa kigeni. Tulikuwa wawili tu humo: mimi na fundi wa magari, Mreno mwenye macho ya kijani. Alicheka mpaka akakaa chini. "Karibu kwetu, malume," akaniambia.

Kitabu kikatoka na sura yangu. Kwenye alama, sikuwaongezea hata robo.

Ukiisoma sheria utaona mama hakukosea. Mweusi wa BEE ni Mwafrika, Chotara au Mhindi ambaye ni raia kwa kuzaliwa au kwa nasaba, au aliyepata uraia kabla ya 27 Aprili 1994, au baada yake ikiwa ubaguzi wa rangi ndio uliomzuia kuupata mapema. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Pretoria ikaamua Wachina wa Afrika Kusini nao wamo. Basi Mchina wa Johannesburg ni mweusi kisheria, mtu wa Morogoro siye. Watanzania wa huku tukikutana, hili halikosi kuzuka, na lazima atatokea wa kukumbusha Mazimbu, kule kwetu Morogoro: kwamba mwaka 1977 tuliwapa ANC shamba la mkonge wakajenga shule, leo watoto wao wanatupanga safu moja na Wareno.

Nilikuwa nikiyasema hayo mimi pia, kwa sauti. Lakini nikiyaona hapa kwenye karatasi hayasimami sana. Baba yangu aliachishwa kazi ya mkonge kwa utoro wake mwenyewe, si kwa rangi. Hakuna sheria iliyomzuia kununua kiwanja au kumtenga na shule. Walioibiwa ni hawa weusi wa huku, na wanaodai ni hawa. Tungehesabiwa na sisi, naijua kampuni yangu: viti vyote vya juu vingejazwa watu wa Lagos na Dar es Salaam, wasio na ndugu mtaani wa kuwauliza lolote.

Halafu kuna dada mmoja. Alikuja kwa mpango wa mafunzo ya mwaka mmoja, ule ambao kampuni huuchukua kwa ajili ya alama. Mwisho wake tuliujua: mwaka ukiisha wanaaga, wanaletwa wengine. Wenzake karibu wote waliaga. Yeye alibakizwa kwa sababu alama za uongozi zilipungua, na hakuna aliyejisumbua kuficha. Leo ndiye anayesaini likizo zangu, na mizigo inayopotea imepungua kuliko enzi za bwana aliyemtangulia. Siku moja nilimwuliza kama haoni vibaya kupandishwa kwa ajili ya cheti. Hakukasirika. "Malume, na yule wa kabla yangu alipandishwa kwa ajili ya nini?" Akarudi kwenye kompyuta yake.

Kwa hiyo nilikuja kuandika hapana, na naandika ndiyo, aminini. Maneno ya kitabuni achaneni nayo. Aminini hofu ya kukosa wateja, hiyo inafanya kazi hata pale moyo haumo. Inafanya kazi polepole, nakiri: tume ya serikali bado inahesabu Wazungu zaidi ya asilimia 60 kwenye uongozi wa juu, na wao hawafiki asilimia 10 ya watu. Wapo pia wanaowaandika watunza bustani weusi kuwa wakurugenzi wa jina tu ili wapate alama, ingawa tangu sheria irekebishwe 2013 kosa hilo lina kifungo cha hadi miaka 10. Biashara zenye mauzo chini ya randi milioni 10 msiziingize kwenye ndiyo yangu, hizo hazikaguliwi, zinakula kiapo tu. Na kwa kampuni yangu mimi, ndiyo hii ni ya mwaka huu. Cheti kinaisha baada ya miezi 12, na nasikia yule dada ameomba kazi Durban.