Usinunue hizo tairi kabla hujanyanyua gari ukaangalia bushi (zile raba za kwenye viungo vya miguu ya gari)

Mkuu, kama bado hujalipa, usilipe. Umesema Toyota IST yako inakula tairi la mbele kushoto upande wa ndani, la kulia nalo limeanza kidogo, na ulifunga mapya miezi miwili tu iliyopita. Muuza tairi amekwambia "hayo yalikuwa mabovu, chukua haya, na alaimenti tunakupigia hapahapa." Sasa unauliza tairi gani linadumu, alaimenti (kunyoosha uelekeo wa matairi kwa mashine) ni shilingi ngapi, na kama unaweza kuhamishia ya mbele nyuma. Nimesoma maneno ya huyo muuza tairi damu ikanichemka, maana ndiyo niliyoambiwa mimi, na mimi nikayaamini.

Gari yangu ni IST pia. Tairi la kushoto lilianza kulika ndani, mahali ambapo ukisimama pembeni ya gari huoni kitu. Nje meno yamejaa, ndani kipara. Nikaambiwa tairi bovu. Nikafunga mawili mapya, 130,000 kila moja, nikapigiwa alaimenti ya 30,000, nikakabidhiwa karatasi ya mashine, namba zote za kijani, yaani kila kitu kiko sawa. Msinicheke, mngeiona ile karatasi ilivyopendeza na ninyi mngelipa mkashukuru.

Miezi minne tu, upande uleule umeisha. Nikarudi. Alaimenti nyingine, kijani tena, safari hii lawama zikaenda kwenye matuta na barabara zetu. Nikanunua mengine mawili. Baada ya wiki chache usukani ukaanza kuvuta kushoto nikishika breki, nikarudi mara ya tatu, nikatoa 30,000 nyingine. Kijani.

Seti hiyo ya pili ndiyo nusura initoe roho. Tulikuwa tunaenda Morogoro, mimi, mke wangu na mtoto nyuma. Tumeshapita Mlandizi, Chalinze bado, natembea 80, na nyuma yangu kuna lori. Tairi la kushoto likapasuka. Gari ikanivuta mpaka kwenye vumbi la pembeni, nikaung'ang'ania usukani kwa mikono miwili bila kukanyaga breki mpaka ikasimama yenyewe. Lori likapita likipiga honi. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu mpaka leo. Nilipolala chini kulitazama lile tairi, bega la ndani lilikuwa limekwisha kabisa, nyaya zimetokeza nje kama brashi ya chuma. Upande wa nje ubavuni bado lina zile nywele ndogo za mpira za tairi jipya. Tairi moja, nusu mzee nusu mtoto.

Nilifunga la akiba nikasogea mdogo mdogo hadi Chalinze. Fundi niliyempata pale hakuwa na mashine yoyote. Alikuwa na jeki, stendi mbili na mtaimbo. Akanyanyua mbele, akashika tairi juu na chini akalitikisa, kimya. Akashika kushoto na kulia, kimya. Halafu akaingia chini, akaupenyeza mtaimbo kati ya ule mkono wa chini unaobeba tairi, wishiboni, na fremu, akasukuma. Ule mkono ukatembea. Akaniita niingie nione mwenyewe. Bushi ya nyuma ya wishiboni ilikuwa imechanika mzunguko mzima, mpira umeachana na chuma cha katikati, unaona mwanga ukipita. Akasukuma, tairi likageuza uso. Akaachia, likarudi mahali pake kama halijafanya kosa.

Hapo ndipo nilipoelewa zile karatasi za kijani. Mashine inapima gari iliyosimama. Bushi iliyokufa gari ikisimama inatulia mahali pake, namba zinakubali. Ukiingia barabarani, ukikanyaga breki au ukiingia shimo, mkono unarudi nyuma na tairi linabadili uelekeo. Likitazama nje, yaani mbele yake ikielekea nje ya gari, linakuwa linaburuzwa badala ya kuviringika, na linalolipia ni bega la ndani. Unaweza kupiga alaimenti kila Jumamosi, ugonjwa huo hutauponya.

Bushi mbili na ufundi: 70,000. Nilikuwa nimeshateketeza 610,000 kwa matairi manne na alaimenti tatu.

Na hasira yangu hasa ni kwa yule wa mashine ya alaimenti kuliko muuza tairi. Muuza tairi anauza tairi. Lakini wewe umelipwa mara tatu kunyoosha miguu ya gari, mteja amerudi na ugonjwa uleule, na hukuinama hata mara moja kutikisa kiungo kimoja! Kukagua bushi, boljointi (kiungo cha duara kinachoshika tairi kwenye wishiboni) na tairodi (fimbo inayogeuza tairi kutoka kwenye usukani) kabla ya kugusa kipimo ndiyo mwanzo wa kazi hiyo. Nilikuwa na mtoto kwenye ile gari.

Kwa hiyo mkuu: kwanza tikisa, halafu badilisha kilichokufa, halafu alaimenti, tairi jipya mwisho. Usikubali mtu akugeuzie mpangilio huo, hata akikupa punguzo.

Kabla ya jeki anza na kiganja, gari ikiwa imezimwa. Kipitishe juu ya meno ya tairi kutoka ndani kwenda nje, kisha urudi. Kikienda nje ni laini na kikirudi ndani kinakwaruza kama mbuzi ya nazi, matairi yako yanatazama nje. Ikiwa kinyume chake, yanatazama ndani, na hapo mara nyingi ungekuta bega la nje ndilo linaloisha. Lakini kama nyaya zimeshatokeza usiguse, zinachana kidole, na hilo tairi litoe leo. Kulika mabega yote mawili ni upepo mdogo, kulika katikati ni upepo mwingi. Yako si hayo. Mabonde mabonde kuzunguka tairi, mwulize shokapu.

Gari ikiwa juu, iwekwe kwenye stendi, usiingie chini kwa jeki peke yake. Ukishika juu na chini likacheza, ni beringi au boljointi. Kushoto na kulia, tairodi. Lakini bushi yangu haikuonekana kwa mikono, ilitaka mtaimbo, kwa hiyo fundi akitikisa kwa mikono tu akasema "iko fresh", mwambie alete mtaimbo.

Jambo jingine, hili niliambiwa na fundi wa Chalinze na nimelishika: boliti za wishiboni zikazwe mara ya mwisho gari ikiwa imesimama kwa matairi yake. Zikikazwa gari inaning'inia, ukiishusha mpira wa bushi unajisokota na unakaa umejisokota siku zote, na bushi mpya inachanika mapema.

Tangu siku ile nimefunga seti moja tu, mwaka wa pili na nusu sasa, na inalika sawa bega kwa bega.

Kesho asubuhi nyanyua gari, ingia chini na tochi, piga picha bushi ya nyuma ya wishiboni ya kushoto fundi akiwa ameikandamiza kwa mtaimbo, iweke hapa tuione. Hela ya matairi iache nyumbani.