Shangazi, niache kazi niende Karamoja?

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 42, ni mhasibu wa kampuni moja hapa Mwanza, nimemaliza mwaka wa 13. Nimechoka kufunga hesabu za watu kila mwisho wa mwezi. Nimepata nafasi ya kujitolea Karamoja, Uganda, kufundisha vikundi vya akina mama kuweka na kukopa. Nitapewa chumba na posho ya kula. Mwanangu yuko bweni, kidato cha pili. Kaka zangu wanasema nimechanganyikiwa. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika.*
*Njia Panda, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Hujachanganyikiwa. Ila uchovu wa ofisini usiufanye nauli ya kwendea Karamoja, utaisha njiani.

Mwaka 1996 nilijitolea Kibondo, kwenye kambi ya wakimbizi wa Burundi. Siku ya kwanza mama mmoja alikuwa anapepeta maharage. Hakuniuliza jina. Bila kuinua kichwa alisema, "Na wewe unaondoka lini?" Nilikuwa nimekuja kwa miezi mitatu tu, na alishawachoka watu wa miezi mitatu. Sijaisahau aibu ile.

Kazi unayoiendea ina kalenda yake. Wanachama huweka hisa kila wiki, sanduku la chuma lina kufuli tatu na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, kisha fedha hugawanywa mwisho wa mzunguko, kwa kawaida baada ya karibu mwaka mzima. Ukiondoka baada ya miezi saba umewaacha katikati ya mto. Basi kama huwezi kukaa mpaka siku ya mgao, usiende. Na ufunguo usiushike hata siku moja, hata wakubembeleze vipi. Anza kujifunza Ng'akarimojong, lugha ya huko, mapema, maana Kiswahili chako hakitakufikisha mbali vijijini.

Kabla ya yote, nenda ukapaone. Una siku 28 za likizo ya mwaka: pitia Mutukula hadi Kampala, kisha Moroto, mji wa huko Karamoja. Nenda Januari, kiangazi kikiwa kikali, mifugo imehamishwa na maji yako mbali. Mwezi wa majani mabichi utakudanganya.

Sasa fedha, wewe mhasibu unanielewa. Pensheni ya NSSF inataka michango ya miezi 180. Wewe una kama 156. Hiyo haipotei, lakini nenda ofisini kwao uulize utaratibu wa kuchangia mwenyewe ukiwa huko. Uliza pia bima ya afya ya mtoto, kwa sababu ile ya mwajiri huondoka na ajira. Wanaokualika waandike nani anashughulikia kibali chako Uganda na nani anakurudisha ukiugua.

Kaka zako watapoa. Ninayemuwaza ni mwanao, uliyemtaja kwa sentensi moja tu. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili huwa karibu na Novemba. Ameambiwa? Likizo atafikia kwa nani? Siku ya kumtembelea shuleni kaa naye chini, mweleze, halafu unyamaze umsikilize. Akilia usimkatize.

Ile barua ya kuacha kazi irudishe kwenye droo. Andika nyingine, ya kuomba likizo bila malipo ya mwaka mmoja. Huenda mwajiri akakataa, lakini bado hujamuuliza. Mpelekee Jumatatu asubuhi, kabla hajazongwa na kazi, kisha niandikie alivyojibu.

Shangazi