Kahawa chungu na kahawa yenye ukakasi: angalia maji yako

Ndugu yangu uliyeuliza kwa nini kahawa yako mara hukwaruza koo, mara huwa chachu kama ndimu, ilhali unga ni ule ule: anza na maji.

Mimi ni wa Wete, Pemba. Nilipoanza kujipikia nilikuwa natumia maji ya chupa ya chai yaliyokaa tangu alfajiri. Kahawa ikitoka nyepesi, ina uchachu tu. Baadaye nikaelewa: uchachu huyeyuka mapema, utamu na uchungu hufuata nyuma na vinataka moto. Maji yaliyopoa hukuletea kile cha mwanzo, basi.

Nikahamia upande wa pili. Dele, birika letu la kahawa, juu ya seredani ya mkaa, unga ndani, linatokota mpaka nimalize kusali. Hapo nikapata ukakasi. Sisi kahawa chungu twaipenda, na kashata ipo kwa kazi hiyo, lakini ukakasi unaokausha ulimi ni kitu kingine kabisa. Naamini kilichoharibu si kule kuchemka, ni kuachwa motoni muda wote ule, unga ukizidi kutoa hata usichokitaka.

Siku hizi nachemsha maji peke yake, nayaepua, nasubiri dakika moja au mbili, ndipo namimina juu ya unga. Nafunika dakika 4, nachuja. Nilinunua kipimajoto: wapishi wengi wa kahawa hutaka nyuzi 90 hadi 96. Kahawa yetu ya barazani hukaangwa mpaka iwe nyeusi, na iliyoiva hivyo huachia uchungu upesi, kwa hiyo nashuka hadi 90, pengine chini kidogo. Iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya mdalasini, ni ngumu kuachia. Hiyo naipa maji ya moto zaidi.

Ami yangu anaishi Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, siyo 100 kama kwetu pwani. Yeye humimina papo hapo. Nilipomwiga huku nyumbani, kahawa ilizidi uchungu.

Tangawizi ichemshe kwenye maji kabla, haina shida na moto. Iliki tia pamoja na unga. Na usiihukumu kahawa kwa funda la kwanza linalounguza. Iache ipoe kidogo kikombeni, ndipo utajua kama ni chachu au chungu.