Usimwombe mkuu aamuru njia moja ya mawasiliano

Umeuliza kwa nini wenzako hujibu barua pepe zako kwa simu au WhatsApp, na kama inafaa kumwomba mkuu wa idara aamuru njia moja tu itumike. Mimi ni mtumishi hapa Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, na naona amri hiyo haitakusaidia, kwa sababu watu hawaangalii wepesi wa njia peke yake. Huangalia pia ni nani atakayeulizwa baadaye.

Dokezo, yaani andiko fupi la ndani ya ofisi la kuomba au kutoa uamuzi, likishaingia kwenye jalada, liwe la karatasi au la mfumo wa Ofisi Mtandao, kila aliyelipitia huonekana pamoja na tarehe na alichoshauri. Ndiyo maana mhasibu halipi posho ya safari ya Mpwapwa kwa "sawa" ya mkurugenzi kwenye WhatsApp, ingawa "sawa" hiyohiyo inamtosha dereva kuleta gari mlangoni.

Lakini kuna mambo yasiyostahili kuacha kumbukumbu. Niliwahi kumpelekea bosi dokezo refu la uhamisho wa mtumishi, likarudi limeandikwa pembeni: "Tuonane." Ofisini kwake akanieleza ugonjwa uliokuwa katika familia ya mtumishi huyo, jambo ambalo halikupaswa kusomwa na kila anayeshika jalada masjala, kisha nikaandika dokezo jipya lenye uamuzi peke yake.

Afisa ugani wa kijijini Kondoa, ambako mtandao hushika na kukatika, hupigiwa simu alfajiri kabla hajapanda pikipiki. Kumtumia barua pepe yenye kiambatisho kizito, huku ukijua hataifungua, ni kujikinga na lawama tu, wala si kuwasiliana.

Kundi la WhatsApp la idara nalo lina mipaka yake: mkuu akiweka tangazo, wote hujibu "Imepokelewa, mkuu" (nami nikiwemo), ila asiyeelewa huuliza kwenye chai ya saa nne, pembeni.

Kwa hiyo mwache mwenzako akupigie. Mkimaliza, mwandikie barua pepe ya mistari miwili ukianza na "Kama tulivyozungumza kwa simu leo," taja mlichokubaliana na nani atakitekeleza, umwombe asahihishe palipokosewa. Asiposahihisha hadi kesho yake, weka nakala kwenye jalada na uendelee na kazi.